Kulabu ya Siwema

Msiniambie mtu huamka kwa sababu ya tumbo. Nimeyasikia hayo, na waliokuwa wakiyasema walikuwa wameshiba. Wengine watawaambia ni woga. Wengine, sifa. Na wapo wale wenye sauti laini wanaosema kila kiumbe anatamani kuwa nafsi yake kamili, wanasema huku wamefumba macho, utadhani wanaonja asali. Mimi, Chande, nilikuwa mnusaji katika Jumba. Kazi yangu ilikuwa kukaa uso kwa uso na mtu, kumkodolea macho mpaka ageukie pembeni, kisha kusema anachokitaka. Nimenusa watu wengi mno. Na nawaambieni kweli tupu: sijui mtu husukumwa na nini. Nilijua namna ya kumsukuma tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Sikumbuki niliingiaje katika Jumba. Nadhani hakuna aliyeingia. Sote tulijikuta ndani, kama mtu anavyojikuta katikati ya mazungumzo asiyoyaanza. Halina dirisha. Mwanga wake ni mmoja tu, mwanga wa maji yaliyooshewa mchele, na asubuhi na jioni tulizijua kwa kengele. Sakafuni kuna mashimo, kila shimo linatoa kamba, na kwenye kila kamba kuna mtu anavuta. Kamba inapita mikononi mwake, inapanda darini, inazunguka kigurudumu cha roda, inashuka tena shimoni. Inavuta nini? Ebo! Hakuna aliyetuzuia kuuliza. Ila aliyeuliza alionekana mvivu, na nani anapenda kuonekana mvivu mbele ya wenzake waliolowa jasho? Kuna wakati nilifikiri tunavuta jua. Kuna wakati nilifikiri huko chini lipo Jumba jingine, na watu wake nao wanavuta, na nguvu zetu zote zinaishia mikononi mwao. Kisha nikaacha kufikiri, nikala, nikarudi kazini.

Mbele ya kila mvutaji, usawa wa macho, inaning'inia kulabu, na kwenye kulabu tunatundika lengo lake. Kulabu imefungwa kwenye kamba ileile anayoivuta, kwa hiyo haitulii. Inamjia hata akaona akinyoosha mkono ataipata, halafu inamkwepa. Kila mvutaji anaamini ni kule kuvuta kwake kunakoileta. Nami niliamini hivyo, maana mnusaji hashiki kamba. Nimetundika mikate ya moto. Nimetundika funguo za nyumba zisizokuwapo. Nimetundika kiatu cha mtoto, kimoja tu, na baba yake akavuta mpaka viganja vikawa nyama. Lengo jema, tulifundishwa, lazima lionekane, lipimike, liwe na muda wake, na liwe karibu kiasi cha kumtia mtu wazimu. Hilo la wazimu hawakulifundisha. Nimeliongeza mimi.

Kuna desturi moja lazima muijue. Katika Jumba mtu hataji hamu yake mwenyewe. Ukimwacha aitaje atasema uongo, atataja ile ya heshima: nataka kuwasaidia wazazi, nataka kujiendeleza. Kwa hiyo mnusaji ndiye anayesimama mbele ya Msimamizi, anaweka mkono juu ya kifua chake mwenyewe, anasema: "Nimeiona hamu yake, nayo ni hii." Neno likishatamkwa halirudi. Hata mwenyewe apige kelele kwamba hataki kitu hicho, nani atamsikiliza? Mimi ndiye niliyeona.

Sasa Siwema. Siwema ni ndugu yangu, tumbo moja. Nani alitangulia kuzaliwa, hilo lilikuwa halitulii. Siku nyingine alikuwa dada yangu mkubwa, nami naukumbuka vizuri mgongo wake alionibebea, jasho lake, ukingo wa nguo ulionikwaruza shavu. Siku nyingine alikuwa mdogo wangu, na mgongo ni wangu, na shavu ni lake. Jumba lilikuwa halina haja na nani alimtangulia nani. Tuliamka, tukatazamana, tukajua leo nani wa kumwamkia mwenzake.

Kwenye kulabu yake nilikuwa nimemtundikia kanga ya mama. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nimemnusa ndugu yangu kama ninavyowanusa wengine, na mama ndiye aliyetoka. Alivuta vizuri miaka na miaka, kama miaka ipo. Kisha siku moja kulabu, iliyokuwa imeliwa na kutu, ilikatika, na kanga ikamwangukia kifuani.

Haijawahi kutokea. Katika Jumba lote, tangu lisimame, hakuna mtu aliyewahi kulipata lengo lake. Siwema aliishika ile kanga, akaipeleka puani, akavuta pumzi ndefu. Halafu akajifunga kiunoni, akaiacha kamba, akaketi chini.

Akaketi tu! Hakulia, hakucheka. Kulabu mpya ikaletwa, tupu, ikawa inaning'inia mbele yake bila kitu. Wavutaji wa jirani wakaanza kugeuza shingo kumtazama, na mtu anayegeuza shingo, mikono yake hulegea.

Msimamizi wetu, Bwana Mwinyikondo, aliniita. Ni mtu mnene, mpole, mwenye leso nyeupe ya kujifutia macho, maana macho yake hutoka machozi akicheka na akihurumia, na mambo hayo mawili huyafanya kwa wakati mmoja.

"Chande, ndugu yangu, keti. Sisi hapa ni familia, sivyo?"

"Ndivyo, Bwana."

"Dada yako anaumwa?"

"Haumwi. Ameacha kutaka."

"Ah!" Alijifuta macho. "Maskini. Unajua, hitaji likishatimia halimsukumi mtu tena. Ndiyo maana tunawahurumia, hatuwatimizii. Lakini ajali ni ajali." Akasogeza kiti chake karibu na changu, magoti yetu yakagusana. "Mtafutie lengo kabla ya kengele ya jioni. Ukikosa, nitaufungua mlango."

Mlango. Upo nyuma ya ukumbi, haujapakwa rangi. Ng'ambo yake hakuna sakafu wala giza wala sauti ya mtu akianguka. Anayetolewa anatoka pia kwenye vichwa vya watu. Najua nimewahi kuwasindikiza wengi mpaka kizingitini, kwa sababu mkono wangu unakijua kitasa kile. Lakini niulizeni jina la mmoja wao. Niulizeni sura. Hamna kitu. Hilo ndilo lililonitetemesha: si kwamba Siwema angekufa, bali kwamba kesho yake ningeamka mtu asiyewahi kubebwa mgongoni wala kubeba.

"Bwana Mwinyikondo, utamfukuza?"

"Mimi? Hapa hatufukuzi mtu, Chande! Asiye na lengo hujitoa mwenyewe. Sisi tunamsaidia kitasa tu."

Nilikwenda kwa Siwema. Siku hiyo alikuwa mkubwa wangu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Chande. Umekuja kuninusa?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Mwongo wewe," alisema, akatabasamu. "Pua inakucheza."

Nikaanza na mkate. Msinicheke, sote tunaanza na mkate. Niliuleta wa moto, wenye samli inayotiririka, nikauinua mbele yake. Mwenye njaa hana miiko, nilijiambia. Siwema akautazama mkate kama mtu anavyotazama mvua ya mji mwingine. Njaa anayo, alisema, inamuuma, lakini inamuuma yeye, haimtumi mahali. Mimi sikuwa nimewahi kusikia mtu akiitenga njaa yake na miguu yake namna ile, na nilisimama pale na mkate wangu kama mjinga.

Basi nikamtisha. Nilimshika mkono nikampeleka mlangoni, nikaufungua kidogo, achungulie. Mimi nilikuwa nimeking'ang'ania kitasa. Yeye alichungulia, akanyoosha hata kidole nje, akakirudisha, akakitazama.

"Pana baridi," alisema. "Funga, utapata mafua."

Loo, mtu huyu! Nikawakusanya watu wa ukumbi wakati wa mapumziko, nikawapanga, nikawaambia wapige makofi. Tukamwita mvutaji bora, tukamvisha taji la karatasi, wakamwimbia. Siwema naye akapiga makofi pamoja nao, kwa furaha ya kweli, akiangaza huku na huku kumtafuta anayeshangiliwa. Hapo baadhi ya watu waliacha kuimba. Nikaona mmoja anautazama mkono wake mwenyewe uliokuwa unapiga makofi, kama amekutana nao leo. Nikawafukuza haraka warudi kwenye kamba zao.

Mmoja wa wale wenye sauti laini alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Harufu ya mtu asiyetaka humwasha. Akachuchumaa mbele ya Siwema, akafumba macho.

"Dada, tuache mikate. Tuache sifa. Ndani yako kabisa, unatamani kuwa nani?"

"Nimeshakuwa," alisema Siwema.

"Umeshakuwa nani?"

"Huyu."

Alisubiri aongezewe. Hakuongezewa. Akafumbua macho, na niliyaona kwa mara ya kwanza, macho madogo mekundu ya mtu asiyelala. Akaondoka akiwa amejikumbatia.

Nami nikabaki. Na hapa nifikiri kidogo, mnisamehe, kwa sababu hili ndilo linalonikereketa mpaka sasa. Tulifundishwa kwamba mtu asiyetaka kitu ni mtu mfu. Lakini Siwema alikuwa na uso uliolegea vizuri, alikuwa anasikia, alikuwa anajikuna, alikuwa anacheka. Huyu kama ni mfu, basi sisi tuliolowa jasho tulikuwa kina nani? Je, kutaka ni mimi ninayetaka, au ni kitu kilichotundikwa mbele yangu na mtu kama mimi? Nikimvua mtu kila alichotundikiwa, nitamkuta mtu chini yake, au nitakuta kulabu? Maswali ya wavivu. Najua. Lakini yalinijia nikiwa nimepiga magoti mbele ya ndugu yangu na kengele imekaribia, na sikuwa na mahali pengine pa kuyaweka.

Nikalia. Nasema wazi: nililia kama mtoto, kamasi na machozi. Na nilipoinua uso, siku ilikuwa imegeuka katikati, na Siwema sasa alikuwa mdogo wangu.

"Kaka, basi," alisema. Alifungua kanga ya mama kiunoni, akanifuta nayo. "Hii kanga, unajua, haikuwa na harufu ya mama. Nilipoipata niliinusa weee. Ina harufu ya dari tu. Nikajisemea, basi ni nguo. Na nguo nzuri. Moyo ukatulia."

"Watakutoa, Siwema. Nitakusahau. Unanielewa? Sitakuwa hata na uchungu."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Si kwa ajili ya mlango. Kwa ajili yangu.

"Usiseme hivyo."

"Nitakula, nitalala, nitaamka. Hamna Siwema."

Aliikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kipo kimoja," alisema mwishowe, chinichini. "Lakini si cha kupeleka kule. Nakuambia wewe kama kaka, si kama mnusaji. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Nataka siku moja uje ukae hapa. Ukae tu. Usinitazame kwa jicho hilo, usiniulize nataka nini. Tukae, tunyamaze, mpaka tuchoke kukaa. Ni hilo tu. Tangu tuko humu hujawahi kukaa na mimi, Chande. Kila ukija unakuja kazini."

Nikamkumbatia? Hapana. Nikafanya kile nilichozoea kufanya mtu anapogeukia pembeni: pua ikanicheza. Niliijua hamu ile, niliiona nzima, yenye uhai, na nikaona pia, pumbavu mimi, jinsi ilivyokuwa nzuri kwa hila. Kwa maana haitundikiki! Jumba linatundika vitu. Mkate, ufunguo, kiatu, kanga. Nani atatundika kukaa? Nani atatia kimya kwenye kulabu? Watashindwa, nilijiambia, na kwa kuwa neno likishatamkwa halirudi, itawabidi wampe. Watanipa ruhusa nikakae naye. Nimewapiga chenga kwa sheria yao wenyewe. Nilitembea kwenda kwa Mwinyikondo karibu nikimbie, na nyuma yangu nikamsikia Siwema akiniita mara moja tu, "Chande!", si kwa nguvu.

Nikaweka mkono kifuani.

"Nimeiona hamu yake, nayo ni hii: ndugu yake akae naye, wanyamaze, asimwulize kitu."

Mwinyikondo aliweka leso mezani. Nami nilikuwa natabasamu, nasema ukweli, meno yote nje.

"Hamu nzuri," alisema. "Nzuri sana. Safi. Sijasikia safi kama hiyo."

"Basi itimizwe, Bwana. Haina namna ya kutundikwa."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Chande."

"Ameinama vya kutosha. Tumeinama sote mpaka tumesahau kusimama."

Akacheka, machozi yakamtoka, akaichukua tena leso. Alinitazama kuanzia utosini hadi miguuni, kwa upole ule ule, kama fundi anayepima mbao.

"Ndugu yangu," alisema, "una kilo ngapi?"

Nguruwe hukaangwa kwa mafuta yake, walisema wazee, na waliyaona. Walileta kiti. Kiti kizuri, chenye mto, chenye mikanda ya ngozi mahali pa mikono. Hawakunipiga, hawakunisukuma, walinishika mabega kama bwana harusi. Wakaniketisha, wakafunga mikanda, wakakitundika kiti nami juu yake kwenye kulabu mpya mbele ya Siwema, usawa wa macho.

Alinitazama. Siwezi kuwaambia alikuwa mkubwa au mdogo wakati ule. Alikuwa vyote viwili. Sikuona hasira, na ningeipenda hasira. Niliona kitu kikiingia usoni mwake kutoka chini, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa, na uso ule uliolegea ukakazwa, mshipa kwa mshipa, mpaka ukawa uso ninaoujua, uso wa ukumbi mzima. Akasimama. Kanga ikamwanguka kiunoni, akaikanyaga bila kujua. Akaishika kamba.

Sijawahi kuona mtu akivuta vile. Dari lililia. Jirani zake walitazama, na safari hii mikono yao haikulegea, ilikazana. Ukumbi mzima ukashika kasi, mashimo yakapumua, na Mwinyikondo, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkono wake kwenye kitasa, akajifuta macho kwa furaha na huruma. Mlango hakuufunga. Aliuacha wazi upenyo wa kutosha mtu mmoja, kwa maana kengele ilikuwa bado.

Na kutoka juu ya kile kiti ndipo nilipoliona jambo ambalo halionekani kutoka chini. Siwema akivuta, kiti kinarudi nyuma. Anapopumua, kati ya mvuto mmoja na mwingine, mikono ikilegea kidogo, kiti kinakwenda kwake. Chenyewe. Kwa uzito wangu mwenyewe. Sote tumekosea, tangu Jumba lisimame. Kuvuta hakuileti kulabu. Kuvuta ndiko kunakoikimbiza. Mkate ungewaangukia mikononi. Kiatu cha yule mtoto kingemfikia baba yake siku ya kwanza. Hakukutakiwa kitu ila kuachia.

Angeachia, ningefika. Ningefika mpaka magoti yetu yagusane, tukae, tunyamaze, labda kwa muda wa mtu kumaliza kusema jina la mwenzake. Halafu Mwinyikondo angemchukua kwa upole, kwa kuwa mikono ya Siwema haina kamba tena, akamsindikiza upenyoni, na kesho ningeamka sina ndugu na sijui kwamba sina.

Alikuwa ananitazama. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kuacha alama kwenye kamba. Alichoka, nilimwona amechoka. Alipumua, na kiti kikanisogeza kwake, karibu kiasi kwamba niliona jasho juu ya mdomo wake, na nikaona anawaza kupumzika. Neno moja lilitosha. Achia. Nilikuwa nalo ulimini. Sijui hata leo kama lililolizuia lilikuwa upendo, au ni kazi niliyoifanya muda mrefu mno hata ikawa ndiyo sauti yangu.

"Vuta, Siwema," nilisema. "Nakaribia."

Akaniamini. Akavuta.